Obama katika Seneti ya Jimbo la Illinois, 1997–2004: alifanya nini hasa?

Mwalimu wa Uraia aliandika:

Salaam wanajukwaa. Ninaandaa mafunzo mafupi kwa vijana wa hapa Siaya ambao wana nia ya kugombea uwakilishi wa wadi, nami nimeona nitumie maisha ya Barack Obama kama mfano, kwa kuwa katika kaunti hii, ambayo ndiyo nyumbani kwa baba yake, hakuna asiyelijua jina hilo. Shida niliyoipata ni kwamba kila ninayemwuliza hunieleza mambo mawili tu, yaani hotuba aliyoitoa Boston mwaka 2004 kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic, na urais. Kabla ya hayo yote alikaa karibu miaka 8 katika Seneti ya Jimbo la Illinois, chombo ambacho wengi wetu hatukijui, na ambacho kwa kazi zake kinakaribiana zaidi na bunge la kaunti kuliko na Bunge la Taifa.

Naomba mwenye ujuzi anieleze aliingiaje humo, alipitisha sheria gani zilizogusa maisha ya watu wa kawaida, na kwa nini mwaka 2000 alipojaribu kupanda ngazi alishindwa vibaya. Naomba pia msiniletee sifa tupu. Vijana ninaowafundisha ni wepesi kutambua mtu anapopambwa, na nikiwapa nusu ya habari wataitafuta nusu ya pili wenyewe, kisha hawataniamini tena.

Mkazi wa Kusini mwa Chicago alijibu:

Mwalimu, nashukuru kwa swali, maana hata hapa tulipo watu wengi huruka kipindi hicho. Nimeishi upande wa kusini wa Chicago tangu kabla Obama hajaingia katika siasa, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu kidogo.

Bunge la Illinois lina Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 118 na Seneti yenye maseneta 59. Yote mawili hukutana Springfield, mji mkuu wa jimbo, ambao ni mwendo wa saa 3 na zaidi kwa gari kutoka Chicago. Vikao vikuu huanza Januari na kuishia Mei, na kwa kawaida wajumbe huwa huko katikati ya wiki kisha hurudi makwao, ndiyo maana wengi wao wana kazi nyingine. Obama katika miaka hiyo alikuwa akifundisha sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Chicago na kufanya kazi katika kampuni ndogo ya mawakili iliyoshughulikia kesi za haki za raia.

Hakuwa mwenyeji wa Chicago kwa kuzaliwa. Alizaliwa Honolulu mwaka 1961 na akaja hapa mwaka 1985 kuwa mhamasishaji wa jamii katika mitaa ya Roseland na West Pullman, ambako viwanda vya chuma vilikuwa vimefungwa na watu wamebaki bila kazi. Mojawapo ya shughuli zake ilikuwa kuwasaidia wakazi wa Altgeld Gardens, nyumba za serikali za watu wa kipato cha chini, kudai asbesto iondolewe katika majengo waliyokuwa wakilala na watoto wao. Mwaka 1988 alikwenda Harvard kusomea sheria, akarudi baada ya kuhitimu, na mwaka 1992 akaongoza kampeni ya kuandikisha wapiga kura iliyowaingiza katika daftari watu wapatao 150,000, wengi wao Wamarekani Weusi. Kazi hiyo ndiyo iliyomtambulisha kwa wanasiasa wa mji, zaidi ya shahada yake.

Nafasi ilipatikana kwa bahati mbaya ya mtu mwingine. Mwaka 1995 Mel Reynolds, aliyekuwa mbunge wetu katika Bunge la Marekani, alitiwa hatiani kwa makosa ya ngono na msichana mdogo, akajiuzulu. Alice Palmer, seneta wa jimbo wa eneo la 13, aliamua kugombea kiti hicho cha Washington, naye akamtambulisha Obama kwa wafuasi wake kuwa ndiye mrithi wake Springfield. Uchaguzi mdogo wa mchujo ulifanyika mwishoni mwa Novemba 1995, Jesse Jackson Mdogo akashinda, na Palmer akawa wa tatu. Hapo ndipo matata yalipoanza, kwa sababu wafuasi wa Palmer walimtaka Obama ajiondoe ili mama huyo arudi katika kiti chake, naye Obama akakataa akisema kwamba alikwisha kuahidiwa na alikwisha kuanza kampeni.

Palmer akaamua kurejea ulingoni. Ili jina lake liwekwe kwenye karatasi ya kura alihitaji saini 757 za wapiga kura walioandikishwa katika eneo hilo, na kwa haraka aliwasilisha saini zipatazo 1,580. Kwa macho zilitosha. Lakini watu wa Obama walikwenda kwenye ofisi ya tume ya uchaguzi ya Chicago, wakakaa na karatasi hizo kando ya daftari la wapiga kura, wakazipitia jina kwa jina: huyu hajaandikishwa, huyu anaishi nje ya mpaka wa eneo, huyu ameandika jina lake kwa herufi za chapa badala ya kuweka saini, na karatasi hii ilizungushwa na mtu ambaye mwenyewe si mpiga kura. Saini halali zikapungua chini ya kiwango. Januari 1996 Palmer akajitoa. Wagombea wengine 3 waliondolewa kwa njia hiyohiyo, Obama akapita mchujo wa Machi bila mpinzani, na Novemba akashinda kwa asilimia 82. Aliapishwa Januari 1997.

Bint Pwani aliandika:

Ndugu Mkazi, umeeleza vizuri, lakini naona umelipita jambo hilo la saini kwa upole mno. Mtu aliyepata jina mwaka 1992 kwa kuwafungulia watu mlango wa kupiga kura ndiye aliyehakikisha, miaka 4 baadaye, kwamba wapiga kura wa eneo la 13 hawana wa kuchagua ila yeye. Najua sheria ilimruhusu. Swali langu ni kama wakazi wale walitendewa haki, hasa ukikumbuka kwamba Palmer alikuwa mwanamke mwenye rekodi ya kazi katika elimu na aliyempokea kijana huyu mbele ya watu wake mwenyewe. Jeraha hilo halikupona upesi, kwani mwaka 2008 Palmer alimuunga mkono Hillary Clinton dhidi ya Obama. Mwalimu, ukiwafundisha vijana, tafadhali waeleze na upande huu.

Mkazi wa Kusini mwa Chicago alijibu:

Dada, hoja yako ni ya haki na sitaipinga. Obama mwenyewe alipoulizwa baadaye alijitetea kwamba kanuni zipo ili zifuatwe, lakini wapo watu wa hapa mtaani waliompigia kura kila mara na bado hawakulipenda jambo lile. Ninaongeza tu kwamba katika siasa za Chicago kupinga saini za mpinzani ni desturi ya miaka mingi, na mgombea asiyekusanya saini mara 2 au 3 ya kiwango huhesabiwa kuwa amejitakia. Obama aliwasilisha zaidi ya 3,000 siku ya kwanza ya kupokea fomu.

Sasa niendelee na Springfield. Alipofika huko, Warepublican ndio walioshika Seneti chini ya Pate Philip wa kaunti ya DuPage, na waliendelea kuishika kwa miaka 6 ya kwanza ya Obama. Ni muhimu vijana walielewe hili, Mwalimu. Seneta wa upande wa wachache anaweza kuandika mswada mzuri kuliko yote, lakini rais wa Seneti asipotaka, utapelekwa kwenye kamati ya kanuni na hautatoka tena. Aliyeongoza wachache alikuwa Emil Jones, mzee aliyepanda kutoka ukaguzi wa mitaro ya maji machafu ya mji, ambaye alimfahamu Obama tangu enzi za uhamasishaji. Obama alimwendea Jones mapema akamwambia kwamba yuko tayari kwa kazi ngumu.

Si wenzake wote waliompokea vizuri. Rickey Hendon na Donne Trotter, maseneta Weusi wa Chicago, walimwona kuwa msomi wa Harvard anayejisikia, na alipousimamia mswada wake wa kwanza Hendon alimkejeli mbele ya ukumbi mzima. Kilichomsaidia ni kwamba hakujitenga. Alijiunga na mchezo wa karata uliokuwa ukifanyika nyumbani kwa seneta Terry Link huko Springfield, ambako maseneta wa mashambani na wa vitongoji, Wademokrati na Warepublican, pamoja na baadhi ya washawishi, yaani watu wanaolipwa kuwavuta wabunge upande wa waajiri wao, waliketi jioni wakicheza kwa fedha kidogo. Walioketi naye husema kwamba alikuwa mchezaji mwangalifu, asiyeweka fedha pasipo karata nzuri mkononi. Watu aliofahamiana nao pale, kama Denny Jacobs na Larry Walsh, ndio waliokuja kumsaidia katika sehemu za jimbo ambako mtu mwenye jina kama lake hakutarajiwa kupata kura.

Sheria yake ya kwanza kubwa ilikuwa ya maadili, mwaka 1998. Paul Simon, aliyekuwa seneta wa Illinois mjini Washington, alikuwa akisukuma mageuzi ya fedha za siasa, na Obama alipendekezwa kuwa mjumbe wa Wademokrati wa Seneti katika mazungumzo hayo. Illinois wakati huo ilikuwa na sheria legevu mno: mwanasiasa aliweza kuzitumia fedha za kampeni kununulia gari au kulipia karo za watoto wake, na zawadi za washawishi hazikuwa na kikomo cha maana. Akishirikiana na Kirk Dillard, Mrepublican, walipitisha sheria iliyozuia matumizi binafsi ya fedha hizo, ikabana zawadi, na ikaagiza taarifa za michango ziwasilishwe kwa njia ya kielektroniki ili wananchi wazione. Wajumbe waliokwisha kukusanya fedha waliachiwa kuzitumia zile za zamani, jambo lililowaudhi wapigania maadili, lakini bila hilo kura zisingepatikana. Wenzake kadhaa wa chama chake walimnunia kwa muda mrefu kwa kuwagusa mifukoni.

Kuhusu mwaka 2000, kosa lilikuwa la haraka. Aligombea kiti cha Bunge la Marekani dhidi ya mbunge Bobby Rush, mmoja wa waasisi wa tawi la Illinois la Black Panther, chama cha wanaharakati Weusi, mtu aliyekuwa na mizizi katika kila kanisa la kusini mwa Chicago. Oktoba 1999 mtoto wa kiume wa Rush alipigwa risasi, akafa, na watu wakamsikitikia. Kisha mwishoni mwa Desemba Gavana George Ryan aliita kikao cha dharura kuhusu sheria ya silaha, na Obama, aliyekuwa Hawaii na familia yake, hakurudi kwa sababu binti yake Malia, aliyekuwa bado mtoto mchanga, alikuwa mgonjwa. Mswada ulishindwa kwa kura chache, na magazeti yakamshambulia kwa kutokuwapo. Machi 2000 Rush alipata asilimia 61, Obama 30, na Trotter yuleyule 7. Kiangazi kile alikwenda Los Angeles kwenye mkutano mkuu wa chama, akafika uwanja wa ndege, kadi yake ya benki ikakataliwa alipotaka kukodi gari, na hata kibali cha kuingia ukumbini hakuwa nacho. Ameisimulia habari hiyo mwenyewe mara nyingi.

Alikuwa na miaka 39, ana madeni, na mke wake Michelle alikuwa amechoshwa na siasa. Akarudi Springfield.

Wakili Mstaafu aliandika:

Naomba niingie hapa, kwa sababu Mwalimu ameuliza kuhusu sheria zilizogusa maisha ya watu, na ile iliyo kubwa kuliko zote haijatajwa bado.

Novemba 2002 Wademokrati waliichukua Seneti ya Illinois, na sababu moja ilikuwa mipaka mipya ya maeneo ya uchaguzi. Illinois ina utaratibu ambao vijana wako watauona wa ajabu. Tume ya mipaka hugawanywa sawa kati ya vyama, na ikishindwa kuafikiana, jina la mjumbe wa ziada huchaguliwa kwa bahati nasibu. Septemba 2001 Jesse White, Katibu wa Jimbo, alitia mkono ndani ya kofia ndefu iliyofanana na ya Abraham Lincoln, akatoa jina la Mdemokrati. Kwa hiyo Wademokrati wakachora ramani, na Obama akashiriki kuichora ya eneo lake mwenyewe, ambalo sasa liliacha sehemu ya mitaa maskini ya magharibi na kupanda kaskazini kando ya ziwa hadi kwa matajiri wa katikati ya mji. Kura zake za Weusi wa Hyde Park na South Shore zilibaki, na wachangiaji wa fedha wakaongezeka. Bint Pwani pengine atalisemea hilo, nami nitakubaliana naye kwamba si jambo zuri mwanasiasa kuwachagua wapiga kura wake.

Januari 2003 Emil Jones akawa rais wa Seneti, na Obama akapewa uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii. Kazi aliyoifanya mwaka ule ndiyo ninayotaka vijana waisome kwa makini.

Illinois ilikuwa imeaibika. Tangu adhabu ya kifo irejeshwe mwaka 1977 hadi mwaka 2000, jimbo lilikuwa limewaua kwa sindano ya sumu watu 12, na katika muda huohuo watu 13 waliohukumiwa kufa walikuwa wameachiwa huru baada ya kubainika kwamba hawakustahili hukumu ile. Baadhi ya waliokaa gerezani Chicago walikuwa wamekiri makosa mbele ya kikosi cha kamanda wa polisi Jon Burge, ambaye yeye na watu wake walishitakiwa na waathirika, karibu wote Weusi, kwa kuwatia umeme na kuwafunika nyuso kwa mifuko ya plastiki mpaka waseme walichotakiwa kusema. Burge alifukuzwa kazi mwaka 1993, na miaka mingi baadaye, mwaka 2010, alitiwa hatiani kwa kusema uongo chini ya kiapo kuhusu mateso hayo. Gavana Ryan alisimamisha utekelezaji wa adhabu hiyo mwaka 2000, na siku chache kabla ya kuondoka madarakani Januari 2003 akabadilisha hukumu za watu 167 waliokuwa wakisubiri kufa.

Mswada wa Obama ulitaka polisi warekodi kwa sauti au video mahojiano yote ya washukiwa wa mauaji wakiwa kizuizini, tangu mwanzo na si wakati wa kukiri tu. Kila mwenye nguvu aliupinga: vyama vya polisi, waendesha mashitaka, na hata gavana mpya, Rod Blagojevich, Mdemokrati mwenzake, aliyesema kwenye kampeni kwamba hautaki. Obama aliwaita wapinzani mezani wiki baada ya wiki. Kwa polisi alileta hoja kwamba rekodi humlinda askari mwema dhidi ya tuhuma za uongo na humfunga mwuaji wa kweli kwa ushahidi usiopingika. Alikubali sheria iishie kwenye kesi za mauaji, akakubali miaka 2 ya maandalizi ili vituo vinunue vifaa, na akakubali vipengele vya dharura, kwa mfano mshukiwa mwenyewe anapokataa kurekodiwa. Lakini jambo moja hakulikubali lilegezwe: maelezo yasiyorekodiwa yachukuliwe kwanza kuwa hayakubaliki mahakamani, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo uwe juu ya serikali. Nimesimama mahakamani miaka mingi upande wa washitakiwa, na nawaambia kwamba kipengele hicho ndicho uhai wa sheria yote. Bila hicho polisi wangelipa faini au kuonywa, na maelezo yaliyopatikana kwa kipigo yangeendelea kusomwa mbele ya hakimu.

Seneti iliupitisha bila kura ya kupinga. Blagojevich akabadili msimamo, akautia saini Julai 2003, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka sharti hilo kwa sheria iliyotungwa na bunge, kwani Alaska na Minnesota walikuwa wamefika hapo kwa uamuzi wa mahakama.

Mwaka huohuo ulipita mswada wa kuwataka polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha, ili ijulikane kwa takwimu kama Weusi na Walatino wanaonewa barabarani, na ule ulioiwezesha familia yenye kipato kidogo kurudishiwa sehemu ya kodi hata kama haidaiwi kodi yoyote na jimbo. Bima ya afya ya watoto nayo ilipanuliwa.

Kwa kuwa Mwalimu amekataza sifa tupu, naongeza hili. Baadhi ya miswada hiyo ilikuwa imebebwa kwa miaka na maseneta wengine Weusi wakati wa uchache wao, na mlango ulipofunguka Emil Jones alimkabidhi Obama aipitishe. Hendon na wengine walilalamika kwamba wao walilima na mwenzao akavuna. Jones hakuficha kusudi lake, kwani Obama alikuwa amemwambia kwamba yeye Jones kama rais wa Seneti ana uwezo wa kumfanya mtu awe seneta wa Marekani, na kwamba mtu huyo ni yeye Obama. Hata hivyo kuukabidhiwa mswada na kuupitisha bila kura ya kupinga ni mambo mawili, na mazungumzo yale na polisi hakuna aliyemfanyia.

Mwalimu wa Uraia aliandika:

Nawashukuru sana nyote. Habari ya saini itawagusa vijana wangu moja kwa moja, kwa kuwa kwetu mgombea huru wa uwakilishi wa wadi anatakiwa na Katiba aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 walioandikishwa katika wadi hiyo, na nimewaona watu wakikusanya majina barabarani bila hata kuuliza kama mwenye jina ni mkazi.

Nina maswali mawili ya mwisho. Nimesoma kwamba alikuwa akikwepa kura ngumu kwa kusema tu kwamba yupo, bila kukubali wala kukataa. Je, ni kweli? Na pili, alipoondoka, kiti kile kilichukuliwa na nani?

Bint Pwani alijibu:

La kwanza ni kweli, Mwalimu, ingawa linahitaji maelezo. Katika Seneti ya Illinois kuna vitufe vya ndiyo, hapana, na yupo, naye Obama alibonyeza hicho cha tatu karibu mara 130 kati ya kura zipatazo 4,000. Kwa kuwa mswada unahitaji kura 30 za ndiyo kati ya maseneta 59, bila kujali wangapi wamehudhuria, kura ya yupo huuangusha mswada sawasawa na hapana. Hutumika mtu anapokubaliana na kusudi la mswada lakini anaona una kasoro ya kikatiba, na nyakati nyingine chama kizima huamua pamoja kuitumia. Kwenye miswada kadhaa ya utoaji mimba, watetezi wa haki hiyo ndio walioomba maseneta wafanye hivyo ili wale wa maeneo yenye ushindani wasisimame peke yao.

Hayo nimeyakubali. Lakini zipo kura ambazo Obama alikuwa karibu peke yake katika kusema yupo, na kwenye mambo kama ya kuwahukumu watoto waliofyatua risasi karibu na shule kama watu wazima mwananchi alikuwa na haki ya kusikia ndiyo au hapana. Clinton alimbana kwa hilo mwaka 2008, na jibu lake halikuniridhisha wakati ule wala sasa.

Taja pia jina la Tony Rezko, mfanyabiashara wa nyumba aliyekuwa miongoni mwa wachangiaji wake wa mwanzo. Baadhi ya majengo ya kampuni yake, yaliyokarabatiwa kwa msaada wa fedha za umma, yalikuwa ndani ya eneo la Obama na yalichakaa huku wapangaji wakiteseka. Rezko alitiwa hatiani mwaka 2008 kwa ufisadi katika bodi za serikali ya jimbo. Obama hakushitakiwa kwa lolote, lakini wapangaji wale walikuwa watu wake.

Mkazi wa Kusini mwa Chicago alijibu:

Dada amesema kweli kuhusu majengo yale, na watu wa mitaa hiyo hawajasahau.

Mwalimu, kwa swali lako la pili: Machi 2004 Obama alishinda mchujo wa Useneta wa Marekani kwa asilimia 53 dhidi ya wapinzani 6, akiwamo tajiri aliyetumia mamilioni ya fedha zake mwenyewe. Novemba akamshinda Alan Keyes, Mrepublican, kwa asilimia 70 kwa 27, na siku chache baadaye akajiuzulu kiti chake cha Springfield.

Aliyeteuliwa kukijaza ni Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti, ambaye aliwahi kugombea udiwani mara kadhaa bila mafanikio. Raoul ndiye aliyeusimamia katika Seneti mswada wa kufuta kabisa adhabu ya kifo Illinois, uliotiwa saini na Gavana Pat Quinn Machi 2011. Sheria ya kurekodi mahojiano nayo ilipanuliwa mwaka 2013 ili iguse makosa mengine makubwa zaidi ya mauaji. Tangu Januari 2019 Raoul ni Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Kama utapata nafasi ya kuongeza somo la pili kwa vijana wako, ningependekeza liwe juu yake, kwa kuwa yeye hakwenda Washington na kazi yake yote ya kutunga sheria aliifanyia Springfield.